Jahazi la Newala

Nilipokuwa kidato cha pili mjini Masasi, nilitunga shairi juu ya jahazi lililopigwa na tufani. Vina vilikaa, mizani kumi na sita katika kila mshororo, na mwalimu akanipa alama zote. Wakati wa likizo nilimsomea bibi yangu kule Newala. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hilo jahazi ulilipanda lini?" Sikuwa nimepata kuiona bahari. Yeye asubuhi ile alikuwa ameshuka bondeni kuchota maji na kupanda nayo mlima wote, kama walivyofanya wanawake wa uwanda wa Makonde vizazi na vizazi. Hilo halikunijia kabisa kuwa ni jambo la kutungiwa shairi.

Wengi hudhani kuwa kanuni ndizo zilizotuziba midomo. Hoja hiyo ilivuma baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, akiwa ameacha vina na mizani. Watetezi wa sheria alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954 wakasema hayo si mashairi. Ugomvi ulikuwa mkali na, kwa maoni yangu, ulipotea njia mapema. Kezilahabi hakupata sauti yake kwa kutupa vina tu. Wapo waliovitupa baada yake wakaishia kuazima sauti yake, hata huzuni yake (nami nilikuwa mmoja wao nilipofika chuo kikuu).

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, kwa upande wake, alitunga utenzi wa vita vya Majimaji, vita ambavyo mwaka 1905 vilifika hadi Masasi na misheni ikachomwa moto. Alilishika umbo la zamani, mizani nane kwa kila kipande. Hata hivyo, anayezungumza humo ni mtu wa kusini anayesimulia msiba wa kwao, na umbo lile kongwe halikumzuia.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa Masasi aliniletea shairi huru lililojaa theluji. Nikamuuliza swali la bibi. Alicheka, akanyamaza, kisha akasema kwamba wakati ule mama yake alikuwa akipulizia mikorosho salfa mpaka kitenge chake kinageuka njano, na usiku hukohoa. Nikamwomba aniandikie hilo, kwa vina au bila vina. Bado namsubiri.