Bafu la Ghorofani

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazikujengwa kwa ajili ya shawa. Zilijengwa kwa ajili ya ndoo, birika na kata. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku maji ya bafu la ghorofani yanapoanza kudondokea kitandani kwa mtu wa chini. Hapo huitwa fundi, akasugua viungo vya marumaru, akapaka silikoni pembeni, akalipwa, akaenda zake. Miezi mitatu baadaye maji yamerudi. Kwa nini hurudi? Jibu lake ni la zamani kuliko bomba lenyewe.

Tuanze na sakafu. Ghorofa ya nyumba ya kale ya pwani hubebwa na boriti za mikoko. Boriti moja huwa na urefu wa takribani mita 3, ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa kokoto na chokaa, na watu huipigapiga kwa miti siku kadhaa mpaka ishikane. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yakomae. Ikishawekwa, huvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe, ila jiwe lenye vitundu. Sakafu ya namna hii hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, na mti ulio chini yake hupata hewa.

Waliozijenga hawakuwa wageni wa maji. Huko Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la pembe nane. Katika nyumba za Lamu, bafu lilikuwa na birika la kujengwa ambalo chini yake palizamishwa bakuli la kaure kutoka China, na ndani ya maji waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtu alichota kwa kata, akajimwagia, akachota tena. Ndoo moja ya lita 20 ilimtosha.

Maji mengi yalipokuja, yaliwekwa mahali pake. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka chemchemi hadi mjini, na ndiye aliyejenga hamamu za umma katika mtaa ambao hadi leo tunauita Hamamni. Nenda ukazitazame: vyumba vyake viko chini, juu ya ardhi. Maji yakipenya pale hayamwangukii mtu.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland mwaka 1824, na miaka mingi baadaye mfuko wa unga huo ukawa jibu la kila ufa wa pwani yetu. Ni rahisi kuona sababu. Saruji hushika kwa saa chache, wakati chokaa hutaka wiki na subira. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za matajiri zilichukuliwa na serikali na kugawiwa familia nyingi. Jumba la ukoo mmoja likawa na milango sita ya wapangaji. Bafu liliongezwa hapa, jiko pale, na kila nyongeza ilishikizwa kwa saruji.

Tabu ni kwamba boriti hucheza na saruji haichezi. Mti ukijikunja kidogo, saruji hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji hupita kwenye ufa huo, lakini hayawezi kurudi juu kukauka, kwa sababu saruji na marumaru vimefunika. Hushuka mpaka kwenye kichwa cha boriti, pale kinapoingia ukutani, na hapo ndipo mti huanza kuoza bila mtu kuona. Ongeza tangi la plastiki, pampu na shawa inayotoa lita 8 hadi 10 kwa dakika. Mtu mmoja akioga dakika kumi amemwaga ndoo nne au tano juu ya sakafu iliyozoea moja.

Ninapoishi nikisoma shahada ya uzamili ni ghorofani, katika nyumba kama hizo. Chini anakaa bibi mmoja ambaye ameweka beseni kando ya kitanda chake. Asubuhi nikishuka hunisalimia, kisha huuliza, "Mjukuu wangu, leo mmeoga wangapi?" Jibu analijua tayari. Amehesabu matone.

Fundi wa tatu ndiye aliyefanya jambo la maana. Aliziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa, akajaza sakafu ya bafu maji ya vidole viwili, akachora mstari kwa penseli ukutani, akatuambia tusiguse mpaka kesho. Bomba lilikuwa limefungwa usiku kucha, na kesho yake maji yalikuwa chini ya mstari. Kwa hiyo kosa halikuwa la bomba wala la silikoni. Sakafu yenyewe ilikuwa inakunywa.

Mwenye nyumba alitaka marumaru mpya ziwekwe juu ya zile za zamani. Kazi ya siku moja. Alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sote tulikubali, maana nani atabisha methali? Lakini methali haisemi ufa uzibwe kwa nini. Tabaka jingine ni uzito mwingine juu ya boriti ambazo hakuna aliyezitazama, na chini ya boriti hizo amelala mtu. Katika mji huu hatuna haja ya kukumbushwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka na kuua watu wawili.

Tulibishana wiki nzima, kisha marumaru zikang'olewa. Vichwa vya boriti mbili viliingia kisu kama muhogo uliochemshwa. Zilibadilishwa, sakafu ikarudishwa kwa chokaa yenye mteremko mzuri, na shawa ikahamishiwa uani, chini. Ghorofani imebaki ndoo na kata. Wapangaji wenzangu wawili bado wananung'unika, hasa saa kumi na moja alfajiri, wakishuka ngazi na taulo begani. Mimi nabeba ndoo yangu. Bibi ameondoa beseni, ila hajalirudisha jikoni. Ameliegemeza ukutani, karibu na kitanda, anangoja masika yapite kwanza.