Doti, Merikani na Viendeshi: Umri wa Simu za Linux kwa Mtazamo wa Njia ya Misafara ya Tabora

Insha hii inajadili swali moja katika historia ya teknolojia: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua umri wa chombo kinachotumika mbali na mahali kilikotengenezwa? Swali linachunguzwa kupitia mbinu ya kutumia tena viendeshi vya Android ili kusasisha simu kongwe za Linux. Hoja inayotetewa ni kwamba mbinu hiyo huongeza umri wa simu bila kuhamisha mamlaka juu ya umri huo.

Tabora ni mahali panapofaa kuanzia. Kitete leo ni mojawapo ya kata za manispaa hiyo. Katika karne ya 19, eneo hilo la Unyanyembe lilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Ujiji upande wa magharibi na Karagwe upande wa kaskazini. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwezi Novemba 1857, walikuta biashara inayoendeshwa kwa nguo. Nguo iliyopendwa zaidi ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar kwa meli za Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipoikatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na India ziliziba pengo. Misafara haikusimama kwa sababu kipimo kilikuwa mali ya wote: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na kila mpagazi na kila mtemi aliyedai hongo alikifahamu. Mtengenezaji aliweza kubadilika, kipimo kikabaki.

Katika simu, mambo ni kinyume. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na sehemu za simu kama vile kioo, kamera na redio ya mtandao. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, lakini sehemu kubwa ya viendeshi vyake hutolewa na watengenezaji wa chipu bila msimbo chanzo, na hufungamanishwa na toleo mahususi la kerneli. Mtengenezaji akiacha kuvihudumia, kerneli nayo hukwama palepale.

Jitihada za kukwepa mkwamo huo zilianza mapema katika miaka ya 2010. Mozilla ilianzisha mwaka 2011 mradi uliozaa Firefox OS, ambao tabaka lake la chini, Gonk, lilichukua kerneli na viendeshi vya Android na kuweka juu yake mfumo tofauti kabisa. Mwaka 2012 Carsten Munk alitangaza libhybris, programu inayofanya kazi ya mkalimani: viendeshi vilivyoandikwa kwa maktaba ya C ya Android huweza kuitwa na mfumo wa kawaida wa Linux unaotumia maktaba nyingine. Simu ya Jolla ya mwaka 2013 ilitegemea mbinu hiyo. Mwaka 2017 mradi wa Halium ulianza kuunganisha kazi hiyo ili jamii mbalimbali zisirudie jambo lilelile, na mwaka huohuo jamii ya UBports iliendeleza Ubuntu Touch baada ya Canonical kuiacha.

Mfano wa Fairphone 2 unaonesha faida na mpaka wa mbinu hii. Simu hiyo ilitoka mwishoni mwa 2015 ikiwa na chipu ya Snapdragon 801 na kerneli ya Linux 3.4, toleo lililotolewa mwaka 2012 na kuachwa na watunzaji wake mwaka 2016. UBports iliipatia Ubuntu Touch kwa kutumia viendeshi vilevile vya Android. Programu za juu zikawa mpya, lakini kerneli ya chini ikabaki ya zamani, na kila dosari ya usalama iliyogunduliwa baadaye ililazimu kuzibwa kwa mkono na wanaojitolea.

Nchini Tanzania, tawi jingine la historia hii liliwafikia watu wengi zaidi. Mozilla ilipoacha simu, msimbo wa Firefox OS uliendelezwa kuwa KaiOS, na Vodacom Tanzania ikauza simu yenye mfumo huo kwa jina la Smart Kitochi. KaiOS 2.5 ilitumia injini ya kivinjari ya Gecko toleo la 48, la mwaka 2016. KaiOS 3.0 ilipokuja na Gecko 84, simu zilizotoka na 2.5 kwa jumla hazikupandishwa. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp ilisitishwa kwenye KaiOS. Kwa mtumiaji wa Kitete, hasara ina mipaka inayopaswa kutajwa: kupiga *150*00# na kutuma fedha kwa M-Pesa hakutegemei kivinjari. Kinachopotea ni mawasiliano ya kikundi, picha na sauti, na kinga ya kivinjari, ilhali chuma cha simu bado ni kizima.

Mtu anaweza kudai kwamba tatizo limetatuliwa na Project Treble, iliyokuja na Android 8.0 mwaka 2017 na kutenganisha mfumo na viendeshi kwa mpaka uliosanifishwa. Dai hilo ni kweli kwa sehemu. Mpaka huo unakaribia kuwa doti: unawawezesha watu wengine kubadilisha kilicho juu. Hata hivyo, kilicho chini kimebaki kimefungwa, na mara nyingi ruhusa ya kubadilisha mfumo hubaki mikononi mwa kampuni. Njia tofauti ni ile ya postmarketOS, iliyoanza 2017, inayolenga kerneli kuu ya Linux na viendeshi huria kama freedreno. Ni njia ndefu, kwa kuwa kila chipu hudai kazi yake, na simu nyingi hubaki bila kamera au simu ya sauti kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, kutumia tena viendeshi ni mkopo wa muda: hununua miaka, na miaka hiyo ina thamani mahali ambapo simu mpya ni gharama kubwa. Lakini wafanyabiashara wa Unyanyembe waliweza kubadilisha merikani kwa nguo ya Bombay kwa sababu hakuna aliyemiliki doti. Sera yoyote ya kurefusha umri wa simu Afrika Mashariki inapaswa kuanzia hapo, kwa kudai kwamba msimbo wa viendeshi ufunguliwe pale mtengenezaji anapoacha kuvihudumia.