Ijumaa Kabla Jua Halijazama

Mwezi wa nne nilianza kumfumia bibi sweta kwa kroshia, nikajipa wiki tatu tu. Nilitaka aivae kabla ya baridi ya Juni, maana Suji si Same mjini: kule chini unatoka jasho, huku mlimani unatafuta blanketi. Nilifuma usiku, tasnifu nikiwa nimeiweka kando. Kipande cha mgongo kilitoka vizuri. Cha kifua, nilichofuma nikikimbizana na siku, kilikuwa chembamba kwa vidole vitatu, ingawa mishono ilikuwa idadi ileile. Mkono uliochoka huukaza uzi. Kifundo kikavimba, hata kalamu ikawa nzito.

Nikapanda Suji na kazi yangu nusu. Bibi alivilaza vipande vyote viwili kwenye paja.

"Hiki ulifuma umekaa, mjukuu wangu. Na hiki, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Akaushika uzi, akakifumua kipande cha kifua chote huku nikitazama.

Yeye hufuma mistari minane kwa siku, basi. Ijumaa, jua likielekea kuzama upande wa nyika ya Makanya, kroshia inaingia kikapuni hata kama mstari umebakiza mishono mitano. Bibi ni Msabato.

Wamisionari Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Giti, hapa hapa Upare ya Kusini, mwaka 1903. Baadaye Ernst Kotz akatafsiri Agano Jipya kwa Chasu. Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuandika kwamba misheni zilileta kengele na saa, watu wakafundishwa kazi kwa nidhamu ya Kizungu. Ni kweli, lakini haitoshi. Kwa mwanamke aliyelima, akachota maji na kupika maisha yake yote, kalenda hiyohiyo ilimpa saa ambazo hakuna wa kumuuliza mbona amekaa.

Nilimweleza bibi hoja yangu, nikijiona nimegundua jambo. Akacheka. Kwani kabla ya misheni watu hawakujua kungoja? Akanikumbusha ndiva, yale mabwawa ya wazee: chemchemi ni ndogo, hivyo maji hukusanywa usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Ukifungua mapema, hayafiki shambani.

Sura ya pili ya tasnifu nimeianza upya. Sweta ilikamilika Agosti, baridi ikiaga. Anaivaa hivyo hivyo.