Mgawaji Akikosea, Nani Mwizi?

Wadau, leo tuingie kasino kidogo. Msishtuke, hatuendi kucheza. Kuna swali moja ambalo limewahangaisha majaji wa Nevada, New Jersey na London kwa zaidi ya miaka 30, na kila nikisoma kesi zake naona majibu hayafanani. Mgawaji karata akikosea, wewe mchezaji ukaliona kosa, ukanyamaza na kuchukua hela... umeiba, au umetumia tu macho uliyopewa na Mungu?

Kwa wale ambao hawajawahi kukaa kwenye meza ya blackjack, mchezo wenyewe si mgumu. Unatafuta karata zenye jumla iliyo karibu na 21 bila kuizidi. Mgawaji, ambaye anacheza kwa niaba ya kasino, anajipa karata mbili: moja iko wazi, nyingine imefunikwa. Wewe unaanza kuongeza karata, na ukizidisha 21 dau lako linakwenda hapo hapo, hata kama yeye naye atazidisha baadaye. Humo ndimo kasino inapopatia faida yake. Mgawaji mwenyewe haruhusiwi kufikiri. Akiwa na 16 au chini ya hapo lazima aongeze, akiwa na 17 kwenda juu anasimama (ukiondoa baadhi ya meza ambako 17 yenye ree, yaani ile karata ya A, ana sheria yake). Ni binadamu aliyeajiriwa kufanya kazi ya mashine, kwa saa nyingi, usiku, huku walevi wanamsemesha.

Sasa binadamu huyo hukosea. Kosa la kawaida kabisa ni la hesabu. Blackjack, yaani ree pamoja na karata ya kumi au ya picha, kwa utaratibu wa zamani hulipwa 3 kwa 2, hivyo aliyeweka dola 25 anatakiwa kupata 37 na nusu. Jaribu kupiga hesabu hiyo mara mia kwa zamu, madau yote yanatofautiana, uone kama hutateleza. Mgawaji anaweza kumlipa aliyeshindwa, akachukua chipu za aliyetoka sare (chipu za kuchezea jamani, si chipsi mayai), au akajumlisha karata tano na kupata 20 badala ya 21.

Wachezaji wanavyoitikia ndipo penye kichekesho. Akikupunja, unapiga kelele meza nzima igeuke. Akikuzidishia, ghafla unaiona dari ya kasino ilivyopambwa vizuri. Kasino zinaijua tabia hiyo siku nyingi, ndiyo maana karata zilizotumika hukusanywa kwa mpangilio maalumu, ili mzozo ukitokea zirudishwe mezani moja moja na mkono mzima uchezwe upya mbele ya msimamizi. Kamera iko juu. Mgawaji akiondoka mezani hukunjua viganja na kuvionyesha, kamera ione kwamba hajaficha kitu. Chipu moja ikizidi au ikipungua, ni kosa linalorekebishika.

Kosa lenye hela ya kweli ni lingine, nalo ni ile karata iliyofunikwa.

Nevada iliruhusu kamari kisheria mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi watu walicheza blackjack kwa kuhisi tu. Mwaka 1956 vijana wanne waliokuwa wamekutana jeshini Aberdeen, jimboni Maryland, walichapisha hesabu ya namna bora ya kuucheza, waliyoifanya kwa mashine za mezani za kujumlishia. Mwaka 1962 Edward Thorp akatoa kitabu chake Beat the Dealer, akaonyesha kwamba ukikumbuka karata zilizokwisha kutoka unaweza kuishinda kasino. Hiyo hadithi wengi mnaijua, hasa mliotazama filamu ya 21 ya mwaka 2008. Lakini kuhesabu karata, ukiwa hodari kweli, kunakupa faida ya kama asilimia 1 ya dau. Ukiijua karata iliyofunikwa, faida hupanda hadi kama asilimia 10. Angalia tofauti hiyo. Mtu mmoja anapasua kichwa kwa hesabu, mwenzake kaona karata moja tu.

Anaionaje? Zamani, mgawaji akiwa na kumi, picha au ree mezani, ilibidi ainue ncha ya ile iliyofunikwa achungulie kama amepata blackjack. Karata za kumi na za picha ni 16 kati ya 52, ree ni 4, jumla 20. Maana yake karibu mara 4 katika kila mikono 10 mgawaji alikuwa anachungulia! Akiinua sana, mchezaji aliyekaa upande wa kiti cha kwanza anaiona naye. Wengine hawakungoja hata achungulie. Walitafuta mgawaji mfupi wa mkono, anayeinamisha karata wakati wa kuisukuma chini ya mwenzake, wakakaa wamejilegeza kwenye kiti kama watu waliochoka. Na hata mgawaji aliyeficha vizuri aliweza kusaliti kwa mwili. Karata ya 4 kwenye pembe inafanana sana na A ukiitazama haraka, hivyo aliyekuwa na kumi mezani akachungulia mara mbili mara nyingi alikuwa na 4 chini. Steve Forte aliandika kitabu kizima kuhusu ishara kama hizo mwaka 1986.

Fikiria una 16 na mgawaji anaonyesha kumi. Kanuni inasema ongeza, ingawa huenda ukazidisha. Lakini kama umeona chini kuna 6, naye ana 16, na yeye hana hiari, lazima aongeze. Unasimama, unamwachia mzigo. Ugumu unakuja pale ambapo elimu hiyo inakuumbua. Una 19, umeona mgawaji ana 20. Kihesabu inafaa uongeze karata, maana ukisimama umeshindwa tayari. Ila nani duniani anaongeza kwenye 19? Ukifanya hivyo mara moja, simu inapigwa kutoka chumba cha kamera. Basi wataalamu walikubali kupoteza mkono huo kwa tabasamu. Nidhamu ya kushindwa kwa makusudi ili ushinde kesho, mimi naona ndiyo sehemu inayostaajabisha kuliko zote.

Kasino, bila shaka, ziliita huo wizi. Kesi kubwa ilifika Mahakama ya Juu ya Nevada mwaka 1983. Wachezaji wawili, Einbinder na Dalben, walishtakiwa kwa udanganyifu. Mmoja wao alikuwa anaiona karata ya mgawaji na kumpa mwenzake ishara. Mahakama ikatazama: alikaa mahali halali? Ndiyo. Alitumia kifaa chochote? Hapana. Aliionaje? Kwa sababu mgawaji alikuwa mzembe. Basi si udanganyifu, mashtaka yakafa.

Uamuzi huo ulichora mstari kwenye macho. Macho matupu, ruksa. Na mwaka uliofuata mtu akajaribu kuuvuka. Ted Taft, ambaye kaka yake Keith alikuwa fundi wa kutengeneza kompyuta za kufichwa mwilini, alikamatwa Las Vegas mwaka 1984 akiwa na kamera ndogo kwenye mkanda wa suruali. Picha ya karata ya mgawaji ilirushwa hadi kwenye gari lililoegeshwa nje, wenzake wakaitazama na kurudisha ishara ndani. Mwaka 1984, wadau, simu za mkononi bado ni kitu cha matajiri wachache! Mwaka 1985 Nevada ikatunga sheria ya kupiga marufuku vifaa. Kasino nazo zikaacha taratibu kuwaamini wagawaji wao, zikaweka mezani kifaa kidogo chenye kioo kinachosoma pembe ya karata bila kuinuliwa.

Kuwa na haki mahakamani hakukuwa na maana ya kuachwa kwa amani. James Grosjean, mwanahisabati aliyeandika kitabu Beyond Counting, alikamatwa Caesars Palace mwaka 2000 akituhumiwa kudanganya, na mashtaka hayakusimama. Alizigeuzia kibao kasino, pamoja na kampuni ya Griffin iliyokuwa ikiziuzia orodha ya wachezaji "wabaya". Mwaka 2005 Griffin iliomba kinga ya kufilisika.

Hadi hapo ungedhani swali limejibiwa: kosa la kasino ni mali ya aliyeliona. Subiri.

Tarehe 30 Aprili 2012, Golden Nugget ya Atlantic City. Hii haikuwa blackjack bali baccarat ya meza ndogo, lakini ni ndugu yake. Kasino ilinunua karata zilizotakiwa kuwa zimechanganywa tayari na kampuni ya Gemaco. Hazikuchanganywa. Karata zikaanza kutoka kwa mpangilio ule ule, tena na tena. Wachezaji 14 walishtuka, dau likapanda kutoka dola 10 hadi 5,000, na mikono 41 mfululizo ikashinda. Zaidi ya dola milioni 1.5! Mgawaji yuko pale, anagawa. Msimamizi yuko pale. Hakuna aliyegusa karata isipokuwa mfanyakazi wa kasino. Walilipwa kama theluthi, chipu zilizobaki kasino ikakataa kuzibadilisha. Februari 2015 jaji aliamua kwamba sheria ya New Jersey inataka karata zichanganywe, hazikuchanganywa, kwa hiyo mchezo wenyewe haukuwa halali tangu mwanzo. Wachezaji warudishe ushindi, kasino irudishe madau yao.

Hapo mimi naona haki imechechemea. Ukilewa ukaongeza karata kwenye 20, hakuna jaji atakayesema mchezo haukuwa halali. Na karata zile zile kama zingepangika upande wa kasino, na wachezaji wasishtuke, nani angefungua kesi?

Mwaka huo huo wa 2012 Phil Ivey na mwenzake Cheung Yin Sun walikuwa wanashinda dola milioni 9.6 pale Borgata, mji huo huo wa Atlantic City, na pauni milioni 7.7 kwenye klabu ya Crockfords, London. Mgongo wa karata ulikuwa na kasoro ndogo ya uchapaji, kingo hazilingani. Wao hawakugusa kitu. Walimwomba mgawaji ageuze karata nzuri upande mmoja, kwa kisingizio cha bahati, naye akageuza. Ni uzembe wa mgawaji, ndiyo, ila safari hii ameelekezwa kuufanya. Crockfords ilimrudishia Ivey dau lake la pauni milioni 1 na kuzuia ushindi wote, na Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema huo ni udanganyifu. Marekani, jaji Noel Hillman alisema si ulaghai, lakini wamevunja sheria ya kasino kwa kutumia karata zenye alama, akaamuru mwaka 2016 warudishe dola milioni 10.1. Ivey na Borgata walimalizana nje ya mahakama mwaka 2020.

Karata za Borgata nazo zilitengenezwa na Gemaco. Kasino iliishtaki pia kampuni hiyo, na mwaka 2018 jaji Hillman akaangalia mkataba wa mauzo na kuona kwamba fidia haiwezi kuzidi bei ya karata zenyewe. Dola 27.