Maji ya Wajir hupimwaje na hali hayaonekani?

Tangu mwaka 1958, nyambizi za Marekani zinazopita chini ya barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini huipima kwa sauti. Chombo hupeleka mlio juu, mwangwi ukarudi, na muda wa kurudi huonyesha barafu imezama kiasi gani. Watafiti waliolinganisha vipimo hivyo mwaka 1999 walikuta wastani wa kuzama, mwisho wa kiangazi, umepungua kutoka mita 3.1 hadi 1.8. Aliye juu anaona weupe tu; unene hupimwa chini.

Huku Wajir ninakoishi twahitaji kipimo cha namna hiyo, ila chetu ni cha maji. Visima vya mjini, vilivyochimbwa kwa mkono katika mawe ya chokaa, ni vifupi na huchafuka upesi. Hazina kubwa ni ya Merti: yatoka Isiolo, yapita Habaswein na Dadaab, yaelekea Somalia. Kambi za Dadaab zaitegemea tangu 1991. Katikati mna maji tamu, pembeni chumvi.

Hapa wapimaji hutumia umeme. Vyuma vinne huchomekwa ardhini kwa mstari mmoja. Viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya ndani huupima. Kadiri vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo umeme unavyozama zaidi. Maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi, mchanga wenye maji tamu huukaidi. Lakini udongo wa mfinyanzi nao huupitisha, ukadhaniwa chumvi, kwa hivyo hakuna budi kuchimba na kupima maji yenyewe.

Mpango wa kuvuta maji ya Habaswein hadi Wajir mjini ulipingwa na wenyeji wa Habaswein, wakihofia kuvutiwa chumvi. Mimi naona hofu yao ina msingi. Kamba ya ndoo hukwambia maji yako wapi. Haikwambii yaliyo tamu yamebaki unene gani.

Ndugu zangu wa Lamu wanalijua hili kwa njia nyingine. Maji tamu ya machuguu ya Shela huelea juu ya maji ya bahari, kama barafu ile. Kwa kukadiria, kila mita moja iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 chini yake. Basi maji kisimani yakishuka nusu mita tu na yakabaki hapo, chumvi itapanda mita 20 hivi, japo polepole. Kifaa cha kupima chumvi kwa umeme hushikika mkononi. Kisima kipimwe kila mwezi, na tarakimu zibandikwe mahali watu wanapoteka.