Tarehe ya Kwanza ya Gisenyi: Safuwima Iliyokokotolewa na Ushahidi wa Kihistoria

Mwanahistoria anayepanga kumbukumbu za magharibi mwa Rwanda katika jedwali huitaka kompyuta jambo linaloonekana dogo: kwa kila mahali, safuwima iliyokokotolewa ioneshe tarehe ya mapema zaidi. Gisenyi hulitia jambo hilo mashakani. Wajerumani waliandika Kissenji. Mji huo, uliotwaliwa na Wabelgiji mwaka 1916, sasa huandikwa Gisenyi. Na tangu marekebisho ya utawala ya 2006 wilaya yake ni Rubavu. Kompyuta hulinganisha herufi tu, hivyo mahali pamoja hupata mianzo mitatu. Dawa yake ni msimbo mmoja wa mahali kwa majina yote.

Kosa la pili ni baya zaidi, maana halionekani. Excel haitambui tarehe kamili za kabla ya 1900. Huzihifadhi kama maandishi, na hesabu ya kima cha chini huyaruka. Safari ya von Götzen, aliyefika Ziwa Kivu mwaka 1894, hutoweka, na misheni jirani ya Nyundo, ya 1901, huwa ya kwanza. Kinyume chake, sifuri iliyogeuzwa kuwa tarehe katika Power BI husomeka 30 Desemba 1899, wakati uleule Wajerumani walipokuwa wakijipenyeza Kivu. Nani angeishuku?

Zimebaki simulizi za Bugoyi, nchi iliyoutangulia mji huu. Hizo hupima nyakati kwa enzi za wafalme, kama ya Kigeli wa Nne Rwabugiri. Safuwima yake ya tarehe hubaki tupu, na hesabu huzipita bila onyo lolote.