Vitundu vya urani, nguruwe wa Turkana na ukimya wa Lwiro

Nusu karne imetimia tangu jarida la Nature lichapishe, mwaka 1976, ripoti fupi iliyochochea ugomvi ambao tayari ulikuwa unawaka kati ya Nairobi, London na Berkeley. Hurford, Gleadow na Naeser walikuwa wamehesabu mikwaruzo midogo ndani ya chembe za zirkoni zilizookotwa mashariki ya ziwa Turkana, nchini Kenya. Wakatangaza kwamba jivu la volkano lililozibeba lina miaka milioni 2.44. Walikosea. Hata hivyo, mikwaruzo ya aina hiyo ndiyo iliyozaa tando zenye vitundu vya nanomita zinazotumika leo katika maabara za dunia nzima, na hadithi yake inaigusa Kongo kuliko watu wengi wa Bukavu wanavyodhani.

Kiini cha urani kikipasuka, vipande viwili huruka kwa kasi kubwa. Kipande kikipenya jiwe au plastiki, huvuruga atomu njia nzima kilikopita, na mvurugo huo una upana wa nanomita chache tu. Mwaka 1958 D. A. Young wa Harwell, Uingereza, aliweka fuwele za lithiamu floridi karibu na urani, akaziosha kwa asidi, na vishimo vikajitokeza. Mwaka uliofuata Silk na Barnes, hapohapo Harwell, waliiona mikwaruzo yenyewe ndani ya ulanga kwa hadubini ya elektroni. Kisha Fleischer, Price na Walker, wa maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani, wakaonyesha kwamba asidi hula sehemu iliyovurugwa haraka kuliko sehemu nzima, hadi mkwaruzo unakuwa tundu la kudumu. Ukitaka tundu pana, unaacha asidi ifanye kazi muda mrefu zaidi.

Daktari mmoja wa New York, S. H. Seal, alikuwa akitafuta namna ya kunasa seli za saratani zinazozurura katika damu. Wale wa Schenectady wakamtobolea plastiki ya polikaboneti, na mwaka 1964 alichapisha matokeo yake. Baadaye chujio hizo ziliuzwa kwa jina la Nuclepore. Afrika Mashariki haikukaa pembeni: mwaka 1976, mwaka uleule wa ripoti ya Turkana, watafiti wa Kenya, J. H. Ouma na T. K. arap Siongok, pamoja na wenzao wa Cleveland, walichapisha njia ya haraka ya kuhesabu mayai ya kichocho kwa kupitisha mkojo katika chujio za Nuclepore. Mkojo unapita, yai linabaki juu, mtaalamu anahesabu.

Na Kongo? Sehemu kubwa ya urani iliyofungua zama za atomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga; hilo kila mwanafunzi analijua, au angepaswa kulijua. Linalosahauliwa ni kinu cha TRICO, kilichowashwa Juni 1959 katika chuo kikuu cha Lovanium, Léopoldville (Kinshasa ya leo), kwa juhudi za Monsinyori Luc Gillon. Kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Kwa kazi ya mikwaruzo, kinu si pambo. Mikwaruzo ya asili inahesabiwa kwanza, kisha chembe zinaingizwa kinuni ili ijulikane zina urani kiasi gani. Ukilinganisha hesabu hizo mbili unapata umri wa jiwe. Maana yake, wakati elimu hii inazaliwa, kifaa chake kikuu tayari kilikuwa katika nchi hii.

Njia hiyo ilianza kwa sifa. Mwaka 1965 Fleischer, Price na Walker, wakiwa na Louis Leakey, walipima tabaka la kwanza la Olduvai, Tanganyika ya zamani, wakapata miaka milioni 2.03, kukiwa na nafasi ya kosa ya miaka 280,000. Kipimo cha potasiamu na agoni cha mwaka 1961 kilikuwa kimetoa milioni 1.75, kwa hiyo tofauti ilivumilika.

Turkana ndiko mambo yalikochafuka, na hapa anayesimulia vizuri ni Roger Lewin katika kitabu chake Bones of Contention cha mwaka 1987. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe katika jivu lililogeuka jiwe. Mahali hapo pakapewa herufi za jina lake, KBS. Richard Leakey akapeleka sampuli Uingereza kwa Fitch na Miller, waliokuwa wakipima umri wa mawe kwa potasiamu na agoni. Ya kwanza ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, kwa kuwa ilichanganyika na chembe kongwe. Ya pili ikatoa milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliokota vipande vya fuvu chini ya jivu hilo, fuvu linaloitwa 1470, lenye nafasi ya ubongo ya zaidi ya sentimita za ujazo 700. Kama jivu lilikuwa la kale hivyo, basi Leakey alikuwa ameshika mtu wa kale kuliko wote wa jenasi ya Homo.

Nguruwe wakakataa. Basil Cooke, bingwa wa visukuku vya nguruwe, alilinganisha meno ya Turkana na yale ya bonde la Omo, Ethiopia, yaliyokuwa na tarehe za kuaminika, akaona kwamba jivu la KBS haliwezi kufika milioni 2.61, lilikaribia mbili. Kambi ya Leakey ilitafuta kila sababu ya kuwapuuza wanyama hao. Mwaka 1975 Garniss Curtis wa Berkeley alitoa milioni 1.6 na 1.82. Ndipo mwaka 1976 ikaja ile 2.44 ya mikwaruzo, nayo ilionekana kuwaokoa Fitch na Miller. Mahakimu wawili walikuwa wanatumia fizikia tofauti kabisa, na bado walionekana kukubaliana dhidi ya nguruwe.

Ila mkwaruzo haujihesabu. Katika zirkoni changa mikwaruzo ni michache, na kinachoonekana kinategemea namna kemikali ilivyofanya kazi na jicho la aliye kwenye hadubini. Gleadow mwenyewe alirudia kazi, na mwaka 1980 akatoa milioni 1.87. Mwaka huohuo Ian McDougall wa Australia alipata 1.89 kwa potasiamu na agoni. Nguruwe walikuwa wamesema kweli. Kwa maoni ya mwandishi huyu, sifa ya Gleadow katika historia hii ni kubwa kuliko aibu yake. Wengine walishikilia namba zao kwa jeuri.

Kwa upande wa tando zenye vitundu, baadaye vinu viliachia nafasi mashine za kuchapuza ayoni. Huko GSI, Darmstadt, Ujerumani, kikundi cha Christina Trautmann hurusha ayoni nzito kwenye plastiki, hata moja peke yake, ili utando uwe na tundu moja tu. Tundu lenye umbo la pia hupitisha chaji upande mmoja kirahisi kuliko mwingine, na ndani ya vitundu watafiti hukuza nyaya nyembamba za metali. Ubelgiji nayo ina kampuni inayotengeneza tando hizi, it4ip, iliyotoka katika chuo kikuu cha Louvain, ambacho ndicho kilichoizaa Lovanium.

Huku kwetu, Lwiro, kituo cha utafiti, ingalipo kaskazini ya Bukavu, katika Kabare. Ilijengwa na IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947, na sasa ni CRSN. Majengo yake ya kifahari yangali yanashangaza wageni, na wanajiofizikia wake wangali wanasikiliza mitetemeko ya bonde la ufa. Lakini TRICO II, kinu cha pili cha Kinshasa, kilichowashwa mwaka 1972, kilizimwa mwaka 2004, na serikali haijaonekana kuwa na haraka ya kukiwasha tena. Mtafiti wa Lwiro akitaka jivu la volkano za Kivu lipimwe kwa mikwaruzo, sampuli italazimika kupanda ndege.